Arlys Kvale Haombi

Arlys Kvale alikuwa na miaka sabini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akiomba kitu. Kwa miaka thelathini na mmoja alipika chakula cha mchana katika shule ya mji wao, watoto mia mbili na arobaini kila siku, na sufuria likiwa zito aliliburuta sakafuni kama mtu anayemvuta ng'ombe mbishi, akiwapita wafagiaji wawili wenye vifua vipana waliosimama wakimtazama. Wakimuuliza kama anahitaji mkono, jibu lilikuwa moja: "Hapana, niko sawa." Vuli iliyopita aliteleza kwenye ngazi za uani, akavunjika kifundo cha mkono, akaendesha gari maili arobaini kwa mkono uliobaki mpaka hospitali, akarudi amefungwa plasta, akapika chakula chake cha jioni. Binti yake alizipata habari Jumapili, kwa simu, kutoka kwa mpiga kinanda wa kanisa.

Binti huyo aliitwa Renae, mtoto wa pekee, mwalimu mkuu wa shule huko Saint Cloud, mwendo wa saa tatu kusini. Krismasi alikuja na kijitabu cha picha za rangi, akakiweka mezani kati ya sahani ya lefse, zile chapati za viazi, na bakuli la siagi. Kilikuwa kijitabu cha nyumba ya wazee. Kila ukurasa ulikuwa na mzee anayeicheka saladi. Kila chumba, kilisema, kina bomba la maji moto na la maji baridi. Hakikusema wazi kwamba hakuna chumba hata kimoja ambamo mtu anaruhusiwa kuchemsha maji hayo mwenyewe. Hilo Arlys alilikuta kwenye maandishi madogo ya nyuma, akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Wanaojenga nyumba za namna hiyo wanaamini kwamba uzee ni kusahau jinsi ya kuwasha jiko, na wamewaaminisha watoto wetu vilevile.

Lakini ugomvi haukuanzia kwenye nyumba ya wazee. Ulianzia kwenye kijumba. Renae alichungulia dirishani, akakiona uani chini ya turubai, akasema kwamba angalau hicho kiuzwe, yeye mama na pikapu na kijumba wapi na wapi.

Kijumba kilikuwa cha marehemu Delmer, mumewe Arlys. Kilipakiwa mgongoni mwa pikapu kama gamba la konokono. Ndani mlikuwa na kitanda kilichopita juu ya kichwa cha gari, jiko la gesi la mafiga mawili, na meza ambayo ukiikunja inakuwa benchi, na benchi ukiliinua unakuta soksi. Kwa miaka ishirini na sita, kila Februari, Delmer na Arlys walikwenda nacho Ziwa Knutson, kaskazini, kuvua samaki chini ya barafu. Delmer alikufa, na Februari mbili zikapita kijumba kikiwa chini ya turubai. Arlys hakutaka kukiuza. Alitaka kulala tena ndani yake kabla hajatokea mtu wa kumwambia kwamba hawezi.

"Mama, wewe na mkono huo," Renae alisema. "Peke yako, kwenye barafu. Siku ya tatu utakuwa unaomba msaada."

"Sitaomba."

"Utaomba."

"Siku kumi," Arlys akasema, akipaka siagi lefse yake mpaka pembeni kabisa. "Nakwenda siku kumi. Nikimwomba mtu yeyote kitu chochote, hata chumvi, nakupa funguo za pikapu, na fomu ya hicho kijitabu chako naijaza kwa mwandiko mzuri. Nisipoomba, hutalizungumza tena."

Renae alikuwa binti wa mama yake. Alikubali papo hapo kwa hasira, na shahidi akateuliwa: Wendell Torkelson, mwenye duka la chambo pale ziwani. Wendell alikuwa rafiki wa Delmer tangu wakiwa na meno ya utoto, mkusanya sadaka kanisani, na mtu asiyesema uongo hata kuhusu ukubwa wa samaki, jambo lililompunguzia marafiki. Siku ya kumi Renae angekuja na kumuuliza Wendell swali moja tu.

Basi ikawa Februari. Arlys alifika Ziwa Knutson Jumamosi adhuhuri, baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, akaegesha ufukweni chini ya misonobari. Hakuvuta breki ya mkono, maana ukiivuta inaganda na gari linakuwa mti mpaka Aprili. Mabomba ya kijumba yalikuwa yamekaushwa tangu Oktoba na kutiwa ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda, kwa hiyo maji yote yalikuwa kwenye madumu sita aliyokuja nayo. Aliyapanga juu chini, vifuniko sakafuni. Maji huanza kuganda juu, na ukilisimamisha dumu vizuri kama mtu mstaarabu, asubuhi utakuta kizibo cha barafu mdomoni na maji mazima chini yake yakikucheka. Ndoo ya haja ilikaa kwenye kona yake na mfuko wake wa vumbi la mbao. Chupa ya maji ya moto ikaingia kitandani mapema, kama mtoto anayewekwa alale kwanza. Yote hayo Arlys aliyajua kama alivyojua kukaanga vitunguu.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukifanya katika miaka ishirini na sita. Hakuwahi kutoboa barafu. Hiyo ilikuwa kazi ya Delmer, kwa keekee yake ya mkono, bomba refu la chuma lenye mkono wa kuzungusha juu na visu viwili chini. Arlys alikuwa amejiandaa. Mwezi wa Januari alivifungua vile visu, akavinoa kwenye jiwe alilokuwa akinolea visu vya jikoni la shule, akavinoa hata vikaweza kunyoa ndevu, kisha akavifunga tena kwa parafujo zake, ameridhika kabisa.

Jumapili, baada ya kahawa, alitoka kwenye barafu na keekee begani. Akachagua mahali, akaegemeza kifua, akazungusha. Keekee ikazunguka vizuri, bila kelele na bila kukwama. Baada ya robo saa akainama kutazama. Barafu haikuwa imetoboka. Ilikuwa imeng'arishwa. Alikuwa ametengeneza kisahani cha duara, safi, kinachong'aa, ambamo aliuona uso wake mwenyewe ukimtazama kwa mashaka.

Akahamia mahali pengine. Kisahani cha pili.

Kisa ni kwamba alikuwa amevifunga visu juu chini, makali yakitazama mbinguni. Yeyote aliyewahi kushika keekee angeliona hilo kutoka hatua kumi. Na waliliona. Ziwani palikuwa na vibanda vya wavuvi kama kumi na viwili, na ndani yake wazee ambao kwa pamoja walikuwa na miaka karibu elfu ya kutoboa barafu. Lakini watu wa kule hawamwambii mtu mzima kwamba anakosea. Wangemwacha ang'oe jino lisilouma kuliko kumtahayarisha hadharani. Wanachofanya ni kuja, kusimama, na kuzungumza habari za hali ya hewa.

Jumatatu wakaja watatu, kwa zamu. Wa kwanza alisema baridi imekuja kweli mwaka huu, akaitazama keekee kwa muda, akasema, "Aa. Hiyo nayo ni namna," akaenda zake. Wa pili alisema marehemu Delmer alikuwa na keekee ya kwanza kwa ukali ziwa zima, akainua sauti kwenye neno ukali, akasubiri. Arlys akajibu kwamba amevinoa mwenyewe. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema hilo linaonekana. Wa tatu hakuwahi kusema kitu. Alikanyaga kisahani cha pili, miguu ikaenda juu, akaanguka chali kishindo cha kusikika ng'ambo. Akalala pale kidogo akitazama mawingu.

"Umeumia?" Arlys alimuuliza.

"Hapana," alisema mzee kutoka chini. "Niko sawa."

Siku hiyo hiyo ya Jumatatu ndipo jirani alipofika. Ilikuja pikapu nyekundu yenye kijumba kipya mgongoni, ikaegesha mita ishirini kutoka kwa Arlys, akateremka mwanamke wa miaka kama thelathini, amevaa koti la kazi ya jangwani na viatu vya kukimbilia. Aliitwa Yesenia Cantú, muuguzi kutoka Laredo, Texas, aliyechukua kazi ya miezi mitatu katika hospitali ya wilaya na kuamua, kwa akili zake timamu, kuishi kwenye kijumba kando ya ziwa. Hakuwa hata amezima injini alipokuja kugonga.

"Shikamoo, mama. Samahani, nina mambo matatu. Kwa nini bomba langu linatoa sauti kama mtu anayekabwa, hivi vidole vinatakiwa kuwa na rangi hii, na una kijiko cha kuniazima?"

Arlys alisimama mlangoni kama aliyepigwa na kitu. Mambo matatu. Kwa mtu asiyemjua. Bila hata kutaja hali ya hewa. Akajikuta anamvuta ndani, anamvua viatu, anamvisha soksi za sufu za Delmer, na kumweleza kwamba bomba lake halikabwi, limepasuka, kwa sababu amesafiri na maji ndani ya mabomba kama mtu anayekwenda pwani. Alimfundisha kupindua madumu. Alimfundisha ndoo na vumbi la mbao. Alimpa vijiko viwili. Yesenia aliuliza na kuomba kwa saa nzima, akanywa kahawa vikombe vinne, alivyovikubali vyote mara ya kwanza tu alipokaribishwa, na alipoondoka Arlys aligundua kwamba alikuwa akiimba.

Usiku wa Jumanne baridi ilishuka hadi arobaini chini ya sifuri. Kidhibiti cha gesi kiliganda, jiko la kupasha joto likazimika, na Arlys alipoamka madumu manne yalikuwa mawe. Moja lilikuwa limepasuka tumbo. Yaliyobaki na uhai yalikuwa mawili, nayo kuanzia hapo yalilala naye kitandani, moja kila upande. Alikuwa amelala na Delmer miaka arobaini na sita, na kwa haki ya Mungu madumu yalikoroma kidogo zaidi.

Unaweza kusema, theluji si imejaa kote, ayeyushe. Aliyeyusha. Sufuria kumi za theluji zinatoa maji sufuria moja, yenye sindano za misonobari na kitu kimoja ambacho Arlys aliamua kutokichunguza, na gesi inaondoka kama mtu aliyeitwa. Maji ya ziwa yalikuwa chini ya miguu yake, mengi kuliko ya mji wowote, ila yalikuwa chini ya nusu mita ya barafu, na juu ya barafu alikuwepo Arlys na keekee yake inayong'arisha. Matundu ya wengine yalikuwepo. Lakini tundu la mtu ni la mtu, huchoti bila kuomba, na kuomba ndiko kulikokuwa kumekatazwa.

Alhamisi alikwenda dukani kwa Wendell kununua chambo, ingawa hakuwa na tundu la kukitumbukiza. Bomba la Wendell lilikuwa nyuma ya kaunta, likidondosha maji tone kwa tone usiku na mchana ili lisigande, sauti tamu kiasi kwamba Arlys alisahau alichotaka kununua. Alikuwa amebeba dumu tupu. Akaliweka juu ya kaunta, likae tu, lipumzike.

Wendell alilitazama lile dumu. Alikuwa shahidi, na shahidi mwaminifu, lakini hakuna mahali katika mapatano paliposema kwamba mtu hawezi kupewa asichoomba.

"Shemeji," alisema, "nikujazie hilo?"

"Aa, hapana. Niko sawa."

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa, kwa sababu huenda mwenzako anasema tu kwa adabu. Mara ya pili unakataa, kwa sababu sasa anaanza kumaanisha na hutaki aone ulikuwa unasubiri. Mara ya tatu unasema, basi kama si usumbufu, nipe nusu. Hapo unapewa dumu zima na keki juu yake. Watoto wa kule wanalijua hili kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

"Maji yapo mengi, yanamwagika tu," Wendell aliendelea. "Lete nitie."

"Usijisumbue, Wendell. Ninayo."

Wendell akavuta pumzi kwa ajili ya ile mara ya tatu. Arlys aliiona ikija. Aliuona mdomo wa Wendell ukifunguka, akaanza kuinyoosha shingo yake kwa unyenyekevu wa kukubali. Mlango ukafunguka kwa kishindo, mtu akapaza sauti kwamba gari limezama magurudumu ya nyuma upande wa mashariki, leteni minyororo, na Wendell akaruka kaunta kama kijana na kutoweka. Arlys alibaki na bomba linalodondoka, dumu tupu, na kauli mbili za kukataa zilizosimama hewani bila mwenzao wa tatu. Angeweza kuzunguka kaunta na kujaza. Hilo lilikuwa wizi. Akabeba dumu lake akarudi.

Kwa upande wa Wendell, aliporudi na suruali iliyoganda kama bati, alihesabu kwamba alikwisha karibisha mara mbili na akakataliwa mara mbili, na siku mpya ni hesabu mpya, na mwanamke hakurudi. Basi na yeye akakaa na uchungu wake.

Yesenia naye alikuwa amekwisha jaribu. Kila asubuhi akirudi kutoka kazini alipita na kuuliza, "Mama Arlys, unahitaji maji? Ninatoka hospitalini, naweza kukuletea." Arlys anajibu kwamba yuko sawa. Yesenia anasema, "Haya," na anakwenda kulala. Haya! Mara moja tu! Arlys aliganda mlangoni siku ya kwanza ilipotokea, akisubiri ya pili na ya tatu, mpaka akaona taa ya kijumba cha jirani imezimwa. Ilimchukua siku mbili kuelewa kwamba kule Texas wakiambiwa hapana wanadhani ni hapana.

Hivyo Jumamosi, siku ya nane, ikamkuta na robo dumu, visahani kumi na vinne vinavyong'aa kwenye barafu kama vya karamu, na nywele alizokuwa akizificha chini ya kofia hata mbele yake mwenyewe. Alipiga hesabu. Asipooga, asipoosha chombo, akinywa kahawa mara moja tu kwa siku, atafika Jumatatu. Angeshinda. Renae angekuja na kumkuta mama yake hai, mkavu, ananuka moshi na soksi, mshindi.

Yesenia aligonga saa mbili asubuhi. Alitoka zamu ya usiku, macho mekundu, na hakuomba kitu, jambo lililomshtua Arlys. Aliketi kwenye benchi la soksi. Arlys alimimina kahawa yote ya siku ile kwenye kikombe kimoja na kumpa.

Yesenia alisimulia. Alikuwa amempokea bwana mmoja mzee, mkulima, aliyekaa siku tano nyumbani kwake na nyonga iliyovunjika. Majirani walipita kila siku, wakamsalimu kupitia dirishani, naye akawapungia mkono. Atapona, alisema, lakini kwa kazi ngumu.

"Unajua wote wanasema neno moja?" aliuliza. "Wewe unashika damu, unashika mfupa, na yeye anakwambia niko sawa. Kwetu mtu akikatwa na kisu cha kitunguu mtaa mzima unakuja. Huku naogopa hilo neno kuliko damu, mama. Damu angalau inasema kweli."

Arlys alikitazama kifundo chake cha mkono, ambacho kilikuwa kimepona kikiwa kimepinda kidogo. Maili arobaini aliendesha. Siku zote alikisimulia kisa hicho kama ushujaa, na mara zote alipokisimulia Renae alitoka chumbani. Alikuwa akidhani binti yake hana subira.

Kisha akafikiria kitu kingine, ambacho kilimchoma zaidi. Wiki nzima hakuna kilichomfurahisha kama kugongewa mlango na huyu binti mwenye shida zake tatu tatu. Na watu wangapi walikuwa wamesimama mbele yake, miaka yote, na furaha hiyo hiyo mikononi, akaifunga mlangoni?

Aliinuka. Alikohoa. Alirekebisha kofia. Maneno yalikuwa machache, lakini yalikuwa hayajawahi kupita njia hiyo, na yalitoka kama watu wanaoshuka ngazi gizani.

"Yesenia. Nisaidie. Naomba maji. Na tafadhali niambie ile keekee ina nini."

Yesenia aliweka kikombe chini.

"Visu viko juu chini."

"Nini?"

"Umevifunga juu chini, mama. Makali yanaangalia juu."

"Umejuaje wewe? Kwenu hakuna hata barafu ya kuweka kwenye soda."

"Bwana Wendell aliniambia Jumatatu. Ziwa zima linajua. Wazee wamekuwa wakikutana dukani kila jioni kujadili nani akwambie, wakakosa wa kujitolea. Nilitaka kukwambia mimi, wakanisihi, wakasema utaona aibu mpaka ufe." Akapiga miayo. "Wameweka hata bisibisi nje ya mlango wako, Jumatano. Hukuiona?"

Arlys alikuwa ameiona. Alidhani imepotea, akaenda kuirudisha dukani.

Alikaa chini kwenye benchi. Mabega yakaanza kumtikisika, na Yesenia akadhani analia, akamshika mkono kiuguzi, kidole kwenye mshipa. Arlys alikuwa akicheka, kicheko kilichotoka tumboni mpaka kijumba kikayumba kwenye springi zake, na wazee waliokuwa nje, ambao kwa bahati tu walikuwa wakipita karibu wote kwa pamoja, wakasimama na kutazamana.

Kufikia saa nne visu vilikuwa vimegeuzwa. Keekee ilizama kwenye barafu kama kijiko kwenye uji, kwa kuwa kwa kweli vilikuwa vimenolewa kuliko visu vyovyote ziwani, na hilo wazee walilikiri kwa sauti. Maji yakapanda tunduni, meusi, yakipumua mvuke. Arlys akachota, akachemsha, akaosha nywele zake mara mbili. Jioni yake alivuta samaki wa macho-kioo wa kilo mbili, akamkaangia Yesenia kwa siagi.

Baada ya kula ndipo alipokumbuka. Ameshindwa. Ameomba, kwa mdomo wake, vitu viwili kwa mkupuo mmoja, na mashahidi nje ya mlango.

Renae alifika Jumatatu saa tano, amevaa viatu vya ofisini, na akaenda moja kwa moja dukani. Arlys alikuwa tayari pale, funguo za pikapu mfukoni. Wendell alisimama nyuma ya kaunta akisugua mahali pamoja kwa kitambaa, uso mwekundu kama aliyeketi jikoni.

"Bwana Wendell," Renae alisema, "mama aliomba?"

Wendell alikuwa ameyapanga maneno yake usiku kucha. "Mimi," alisema, akitafuta kila neno kabla ya kulikanyaga, "hakuniomba kitu. Hilo naweza kuapa."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na uongo katika maisha yake yote. Angeweza kuishia hapo. Renae alikuwa amekwisha kunja midomo, kukubali. Na Arlys aliona jinsi uso wa binti yake ulivyokuwa: hakuwa amekasirika kwa kushindwa. Alikuwa ameogopa.

"Niliomba," Arlys alisema. Akaweka funguo kwenye kaunta. "Jumamosi. Nilimwomba jirani maji, na nikamwomba anisaidie keekee. Nilisema na tafadhali."

Bomba likadondosha tone, na jingine.

"Wewe uliomba," Renae alisema.

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wako. Ukasema nisaidie."

"Nimekwambia ndiyo. Chukua funguo, usinisimange mbele za watu."

Renae alizitazama zile funguo. Kisha akafanya kitu ambacho watu wa familia ile hawakifanyi dukani wala mahali pengine: alimkumbatia mama yake juu ya koti, akabaki hivyo, na Wendell akageuka kwa haraka kuhesabu ndoano ukutani.

"Nilikuwa nikiota umeanguka," Renae alisema ndani ya kola ya koti. "Kila usiku, mama, tangu mkono ule. Unaanguka kwenye theluji, watu wanapita, na wewe unawapungia."

"Kuanzia sasa nitawaita," alisema Arlys. "Nimejifunza. Mara ya kwanza inaumiza koo kidogo."

Renae alichukua funguo, akazirudisha kwenye mfuko wa koti la mama yake, akaufunga zipu. Kijitabu cha nyumba ya wazee hakikutajwa tena, wala siku hiyo wala Krismasi iliyofuata. Wendell alipoona hali imetulia alikohoa, akauliza kama kuna anayehitaji kahawa. Renae akasema hapana, yuko sawa. Wendell akasema si usumbufu, iko tayari. Renae akasema asijisumbue kabisa. Vidole vyake vilikuwa vya bluu.

"Mpe," Arlys alisema. "Na mimi nipe. Na ujaze hili dumu, Wendell, lote, mpaka juu. Naongeza siku tatu."